Soksi za Lambert

Likasi, tarehe 22 Mei 1984

Yaya wangu mpendwa Albertine, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Likasi, zangu na za Lambert na za watoto wote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Casimir na nyumba nzima ya Kamina. Je, ile presha yako imeshuka? Na goti la shemeji linaendeleaje? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi imeanza kuingia asubuhi, maji ya bomba yanakatika na kurudi yanavyotaka yenyewe, na kitinda mimba wetu, Philomène, ameota meno mawili ambayo kazi yake kubwa ni kuniuma mimi. Mimi mwenyewe siumwi, ila nimechoka. Kazi nimeizoea, hainichoshi hivi. Ukisoma mpaka mwisho utajua ni uchovu gani.

Juu ya bahasha nimeandika Ngalula, kwa kuwa serikali haitaki majina ya kizungu, lakini humu ndani wewe ni Albertine wangu na mimi ni Adrienne wako, maana mambo nitakayokueleza ni ya nyumbani.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Nicolas, yule wa treni. Alinipa, akaomba maji ya kunywa, akakaa akiniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. Nikajua kuwa habari zimefika Kamina kabla ya barua yangu. Umeniandikia kwamba watu wanasema Lambert amefunga dawa mguuni, kwamba dawa hiyo ndiyo iliyompandisha cheo kule kiwandani Shituru na ndiyo iliyomlaza kitandani mwenzake Constantin, na kwamba dawa ya namna hiyo huanza kwa jirani ikamalizia kwa mtoto wa nyumbani. Umeniambia nifunge mizigo, nichukue watoto, nipande treni, kwa maana wajomba wamekwisha kukaa na kukubaliana. Nimekuelewa, Yaya. Kama ningekuwa Kamina na wewe Likasi, mimi pia ningeandika hivyo.

Lakini mwisho wa barua uliniuliza swali. Uliniuliza kwamba mimi ni mke wake, nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii: je, nimeiona miguu yake, au sikuiona? Nilikuwa kwenye charahani nilipolisoma. Nikaiweka barua chini ya kitambaa, nikaendelea kushona, na mshono ule nilikuja kuufumua wote. Kwa sababu jibu, siku ile, lilikuwa hapana. Nimezaa na Lambert watoto wanne. Najua kovu la mgongoni mwake, najua jino lake linaloumwa akila miwa, najua akikohoa mara ngapi kabla hajaanza kusema jambo gumu. Miguu yake nilikuwa sijaiona hata siku moja.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio, kwa sababu sikujua nilitaje kama dhambi gani. Mimi ninaogopa miguu. Usicheke, Yaya, au cheka kidogo halafu uendelee kusoma. Ninaogopa miguu ya watu ikiwa wazi, hasa vidole. Haya si mambo ya kinyaa. Kinyaa nakijua, ni kile cha panya aliyeoza chini ya kabati. Hii ni hofu kama ya mtu aliyesimamishwa ukingoni mwa paa: mdomo unakauka, mikono inatoka jasho mpaka sindano inateleza, na moyo unakwenda mbio kana kwamba nimefukuzwa. Mtu anakaa mbele yangu anazungumza taratibu habari za bei ya unga, na kule chini vidole vyake vinacheza vyenyewe, vinafanya mambo yao. Hapo ndipo ninapotaka kukimbia, nami ni lazima nijibu habari za unga.

Usinitafutie sababu. Mimi nimeitafuta tangu utoto na sijaiona. Hakuna aliyenikanyaga, hakuna maiti niliyoiona. Nilikuwa hivi kabla sijajua kusema vizuri. Unakumbuka tulivyokuwa tukilala kitanda kimoja, kichwa huku, miguu kule, na mimi nikawa nashuka kwenda kulala chini ya meza? Ulidhani nakimbia aibu ya kukojoa, ukawaambia hivyo wenzako wote, nami nikakuacha useme, kwa maana kikojozi ni mtu anayejulikana. Anayeogopa miguu ya dada yake ni mtu gani? Mama naye alinichapa kwa sababu nilikula bukari nikiwa nimewapa watu mgongo. Alisema nina majivuno. Na kwenye kilio cha Baba, wanawake wote walipokaa mikekani wamenyoosha miguu, mimi nilibaki jikoni na masufuria mpaka siku ya kuondoa matanga. Ulinisifu mbele ya ndugu kwamba hakuna mchapakazi kama Adrienne. Yaya, haikuwa bidii. Sikuweza kuingia nikamlilia baba yangu.

Ndivyo nilivyoishi. Hata miguu yangu mwenyewe naiosha nikiangalia ukuta. Nilichagua kushona kwa sababu macho ya mshonaji hayatoki kwenye kitambaa, na mteja akikaa miguu yake iko upande wa pili wa meza. Msimu wa baridi ni nafuu yangu, watu wanajifunika. Mvua zikianza, mji wote unavua viatu na kutembea matopeni, basi mimi huwa naangalia mawingu kama mkulima. Nilipomzaa Germain, mkunga aliniletea mtoto akanihesabia vidole vya miguu mbele ya macho yangu ili nione kuwa hana kasoro. Niligeukia ukuta. Akawaambia wenzake kuwa uchungu bado umenishika. Watoto wangu wote wamekua na soksi za kufuma, na majirani husema Mama Germain anawalea kizungu.

Na Lambert? Nitakuambia kweli nilichompendea kwanza, na Mungu anisamehe: alikuja kutuamkia Jumapili na viatu vya kufungwa kwa kamba, vimepigwa rangi. Baada ya ndoa nikaona kuwa nimepata mume msafi kuliko wote wa kambi yetu ya wafanyakazi. Akitoka kazini anaacha mabuti ya kazi nyuma ya jiko, anakwenda bombani uani, ananawa huko huko, anaingia nyumbani na soksi safi. Analala nazo. Joto la Oktoba, Yaya, hata kuta zinatoka jasho, na mtu anakuambia miguu inamwuma baridi. Kwenye salongo ya Jumamosi, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, wanaume wote wakiwa miguu mitupu kwenye mitaro, yeye yumo na mabuti yake. Mwaka jana shirika letu la kanisani tulikwenda matembezi ziwani Tshangalele, waume za watu wakakunja suruali wakaingia majini kama watoto. Lambert alikaa kwenye nyasi na soksi zake akilinda vikapu. Nilijiambia kuwa kila mtu ana mtindo wake, nikamshukuru Mungu kwa mtindo wa huyu.

Basi, tuje kwenye Alhamisi Kuu. Unajua desturi: padri anawaosha miguu wanaume kumi na wawili, na kila shirika linatoa mtu wake. Kwetu ni heshima kubwa, na pia ni kichekesho, kwa maana waliochaguliwa wanashinda wiki nzima wanasugua visigino kwa jiwe ili padri asikute uchafu wa Shituru. Anayekwenda kuoshwa anakwenda akiwa ameoshwa tayari. Mwaka huu Baba Zéphirin, katekista wetu, alisoma jina la Lambert kwenye misa bila kumwuliza, kwa kumheshimu. Kulikataa jina lililokwisha kusomwa mbele ya watu ni vigumu. Lambert alikohoa tu.

Mimi miaka yote nilikuwa nakwepa misa ya siku hiyo. Kila Alhamisi Kuu mtoto mmoja alipata homa kwangu, mpaka jirani yangu Simone akasema watoto wa nyumba hii wanaumwa kwa kalenda. Lakini safari hii wake za wale kumi na wawili walipangiwa benchi la mbele. Nikaenda. Nikakaa nimefumba macho, nimekunja mikono, na walioniona walidhani nimezama kwenye sala. Nilisikia maji yakimwagwa, padri akisogea, maji tena, akisogea tena. Halafu maji yakakoma. Nikasikia sauti ya Lambert, ya chini lakini kanisa zima lilikuwa kimya: “Hapana, Padri. Munisamehe.”

Padri alicheka kidogo, akadhani anaigiza Petro aliyekataa kuoshwa. Watu wengine nao wakacheka, wakaona Lambert amejiandaa vizuri. Padri akamjibu kama Petro alivyojibiwa, akanyoosha mkono. Lambert akakataa tena. Nilipofumbua macho nikamwona amekaa na viatu vyake miguuni, jasho linamtiririka, na padri amekwisha kuhamia kwa mtu aliyemfuata.

Tulipofika nyumbani nilimwuliza kama ana kidonda. Akasema hana. Nikamwuliza basi ni nini. Akaniambia niyaache hayo, akaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Hata Pasaka yenyewe haikufika bila maneno. Kwanza walisema kidonda, halafu wakasema ukoma. Halafu mtu mmoja akakumbuka kwamba Lambert amefanywa mkuu wa kikosi chake, na kwamba cheo kile kilikuwa kinamngojea Constantin, na kwamba Constantin alianza kuvimba mguu mwezi ule ule. Mguu kwa mguu. Hapo watu wakaanza kukumbuka kila kitu: soksi za ziwani, mabuti ya salongo, bomba la uani. Mambo ambayo mimi niliyaita usafi, wao waliyafunga pamoja yakawa kamba, na kamba ile wakamfunga nayo mume wangu kifundoni. Simone akawakataza watoto wake wasile kwetu. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Mmoja alisema ameahirisha sherehe, mwingine alichukua tu. Charahani ikanyamaza.

Nami, Yaya, nitasema kweli yote kwa kuwa nimekwisha kuianza. Nilikwenda kumwona Constantin nikiwa na ndizi, na mguu wake ulikuwa umefunikwa shuka, lakini niliona jinsi shuka lilivyoinuka. Nikarudi nyumbani nikiwaza. Ningesimama wapi kumtetea Lambert? Mwanamke yeyote angesema: nimeiona miguu yake kila siku, haina kitu, nyamazeni. Mimi sikuwa na neno hilo. Kisha barua yako ikafika, na swali lako. Mchana mmoja alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Nikasimama mlangoni. Soksi zilikuwa zinaonekana mwisho wa blanketi, za kijivu, moja nimeitia kiraka mwenyewe. Nikajiambia: vuta, uone, umalize. Hata mtoto anaweza kuvua soksi. Nilisimama pale muda mrefu, nikarudi kwenye charahani isiyo na kazi, nikalia. Sikujua ninaogopa nini zaidi, kukuta kamba au kukuta vidole.

Juzi Jumapili, baada ya misa, shirika lilituita uani kwa Baba Zéphirin. Philomène wetu amepangiwa ubatizo siku ya Pentekoste, na baadhi ya watu walikuwa wamesema kwamba mtoto wa nyumba yenye dawa asibatizwe pamoja na wa kwao. Baba Zéphirin si mtu mbaya. Alikuwa na aibu kuliko sisi. Alieleza kwa maneno mengi kwamba yeye haamini, ila watu wanazungumza, na kwamba kama Lambert hataki kuwatuliza, basi ubatizo utaahirishwa, na Lambert, ambaye ndiye anayetuongozea sala za shirika, atapumzishwa kazi hiyo. Halafu akasema:

“Baba Germain, siye hatuko bapolisi. Toa soksi, bantu baone, twende tukule.”

Nilikuwa nimekaa nyuma na mtoto mapajani. Mabenchi yalikuwa yamepangwa duara, na kote ni makandambili, kwa hiyo nilikuwa naangalia bati la paa. Lambert alikohoa mara moja, mara ya pili. Akasema hawezi. Wakamwuliza kwa nini. Akasema hata hilo hawezi kulisema. Mzee mmoja akagonga fimbo, wengine wakaanza kunong'ona, na katika kunong'ona kule mimi nikashusha macho, nikakuta Lambert ananiangalia. Aliniangalia kidogo tu, akainamisha kichwa upesi, kama mtu aliyefumaniwa.

Yaya, nilielewa hapo. Yote yalinijia kwa pamoja: bomba la uani, mabuti nyuma ya jiko, joto la Oktoba, ziwani, na lile benchi la mbele kanisani ambako mkewe alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye beseni. Lambert alikuwa anajua. Nadhani alijua tangu juma letu la kwanza, aliponiona natoka nje kila anapoinama kufungua kamba za viatu. Hakuwahi kuniuliza. Alikwenda tu kununua soksi. Na sasa walikuwa wanataka kumvua uongozi wa sala, wanamzuilia mtoto wake ubatizo, wanamwita mlozi, naye bado amekaa kimya ili asinitaje.

Nikasimama. Sauti yangu haikutoka vizuri, ilibidi nirudie.

“Ni minye. Minye njo naogopa miguu ya bantu. Bwana yangu anaificha juu yangu.”

Walicheka. Sikuwalaumu. Simone, aliyekaa karibu nami, alinivuta nguo akaniambia kwa huruma kwamba mtu anaogopa nyoka, anaogopa askari, lakini miguu? Baba Zéphirin akasema mke mwema humfunika mumewe, na kwamba ananiheshimu kwa hilo, ila nikae. Nikaona kwamba masikioni mwao ukweli wangu ni uongo, tena dhaifu kuliko uongo wao. Wao walikuwa na mguu wa Constantin. Mimi nilikuwa na nini?

Nikampa Simone mtoto. Nikapita katikati ya duara, nikapiga magoti mbele ya Lambert, nikashika kamba za kiatu chake. Akaukamata mkono wangu. Akasema polepole, “Adrienne, acha.” Watu hawakumsikia, na mbele za watu huwa haniiti kwa jina. Nikaufungua mkono wake kidole kimoja kimoja. Nikavua kiatu. Nikavua soksi. Nikavua na cha pili, na soksi yake.

Sikufumba macho, kwa maana ningefumba, wangesema nimeficha nilichokiona. Miguu yake ni myeupe kuliko mikono, laini, imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa. Haijaona jua tangu tuoane. Ukucha mmoja ni mweusi, labda kuna chuma kilichomwangukia na hakuniambia. Hakukuwa na kamba, wala chale, wala kidole cha sita. Niliiangalia yote miwili mpaka nikawa na hakika, na Lambert alikuwa anatetemeka, nayo ilikuwa inatetemeka pamoja naye. Kisha mwili wangu ukakataa. Nilitapika pale pale mbele ya mabenchi, nikaanguka ubavu, na pumzi ikagoma kuingia.

Nilikuwa sisikii vizuri, lakini niliona, kwa sababu nilikuwa chini na macho yangu yalikuwa sawasawa na makandambili yao. Halafu Simone akaja na mtoto wangu begani, akafungua kitambaa chake cha kichwani kwa mkono mmoja, kile cha kwendea misani, akakitandaza juu ya miguu ya Lambert mpaka ikafunikwa yote. Baada yake nikasikia sauti ya kukwaruza mchangani. Mmoja aliirudisha miguu yake chini ya benchi, halafu wa pili, halafu duara zima. Kina mama waliteremsha vitenge. Baba Zéphirin, ambaye kiti chake hakikuwa na pa kuificha, aliinua miguu akaikunja chini yake kama mtoto, mzee mzima. Hapo pumzi ikaingia.

Usidhani kwamba sasa mambo yote yamenyooka. Mke wa Constantin bado anasema dawa ilihama siku ile, ikamtoka Lambert ikaniingia mimi, ndiyo maana nilitapika. Wako wanaomsadiki. Sina nguvu ya kumjibu. Mtu akishataka kukuona mlozi, hata ukipiga chafya ni ushahidi. Lakini ubatizo uko pale pale, siku ya Pentekoste, na wateja wawili wamerudisha vitambaa. Mmoja alikuja amevaa mabuti ya kazi ya mumewe, makubwa, anayaburuta, amekaa wima kabisa kwenye kiti anauliza bei ya kushona mikono mirefu. Nilicheka mpaka nikalia, naye akacheka.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Jumapili ile, Lambert alimbeba mtoto na mimi nilibeba kitambaa cha Simone ili nikakifue. Nilikuwa na hasira, Yaya, sikuwa na shukrani peke yake. Miaka yote hiyo nimejificha kwake, naye amejificha kwangu, na tumechoka kila mtu upande wake kwa mzigo mmoja. Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini hakuniambia. Akakohoa.

“Weye njo haukuniambia,” akasema. “Nilikuwa nangojea.”

Nimemwambia sasa anaweza kulala bila soksi, nitageukia upande wa ukuta, tutajaribu. Alijaribu jana. Haikuchukua muda akaamka kuzitafuta gizani, kwa sababu sasa, anasema, miguu imezoea, inamwuma baridi kweli. Sijui kama ni kweli au ni mtindo wake ule ule. Safari hii sikumshukuru Mungu kimya kimya. Nilimshukuru Lambert mwenyewe.

Basi, Yaya, hilo ndilo jibu lako. Nimeiona miguu yake. Haina kitu. Waambie wajomba kwamba nimewasikia na ninawaheshimu, ila wasimtume mtu kuja kunichukua, mizigo sifungi. Na wale wenzako wa utotoni, ukikutana nao, uwaambie sikuwa nakojoa.

Msalimie shemeji Casimir, na watoto wote kwa majina yao. Lambert anakuamkia kwa heshima, Germain na wadogo zake wanakubusu. Pentekoste tunawangojea nyote, nyumba ni ndogo lakini tutabanana, nami nitakaa nanyi mkekani safari hii, sitabaki jikoni. Kwa hiyo nawaomba, na sasa unajua kwa nini: mje na soksi.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Adrienne Kapinga